Jinsi ya kuisoma picha ya OCT kama una kisukari na umeambiwa jicho lina maji

Ukishaambiwa kisukari kimeingia machoni na kuna maji kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), usiondoke kliniki na karatasi ya OCT, yaani kipimo kinachopiga picha ya tabaka za retina, umeikunja mfukoni hujui hata inasema nini, hilo ni jicho lako na kuiangalia unaweza kabisa kujifunza.

Kipimo chenyewe hakiumi, mashine haigusi jicho na sio eksirei, ni mwanga tu, unaweka kidevu unakodolea alama moja unatulia. Pepesa macho vizuri kabla hawajapiga maana jicho likikauka picha inatoka hafifu. Wakikuwekea matone ya kupanua mboni siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki, utaona ukungu masaa kadhaa.

Haya, sasa tafuta ile picha ya tabaka tabaka, retina inaonekana kama imekatwa kwa kisu. Katikati panatakiwa pawe na kibonde, hapo ndo unaposomea na kutambulia sura za watu. Ukikuta kibonde kimejaa au kimegeuka kilima, na ndani yake kuna matundu meusi yamepangana kama ya mkate wa kumimina, hayo ndo maji, vimishipa vya damu vimechoka kwa sukari vinavujisha. Ila usichanganye na vidoa vyeupe vinavyong'aa, hivyo ni mafuta yaliyovuja, na chini yake utaona mstari mweusi unashuka wima, huo ni kivuli tu. Tundu la maji lina kingo zake pande zote.

Kuna namba pia, unene wa katikati kwenye duara la mm 1, kwa maikroni (maikroni 1000 ni mm 1). Wengi wanaishikilia hiyo peke yake na mi sikubaliani kabisa, kwa sababu mashine hazipimi sawa, 300 ya huku sio 300 ya kule, na ukiwa na mtoto wa jicho picha inafifia mashine inachora mstari wa mpaka wa retina mahali sipo, na namba inadanganya. Linganisha jicho lilelile, mashine ileile, ya mwanzo na ya baada ya sindano (dawa inayochomwa ndani ya jicho kupunguza maji), uone matundu yamepungua au yapo vilevile.

Muulize daktari maji yamefika katikati au yako pembeni, maana yakiwa pembeni na unaona vizuri anaweza kukufuatilia tu kwanza, yakifika katikati na uoni umeshuka ndo habari za sindano zinaanza. Na picha za macho yote mawili zipige kwa simu, ukihamia hospitali nyingine daktari mpya awe na pa kuanzia.