Kabla hujafunga kamba za viatu, jua utakula nini ukirudi

Wanawake wengi ninaopishana nao alfajiri kwenye njia ya Raskazone hapa Tanga ni rika langu, arobaini na kitu kuelekea hamsini, umri wa kukaribia ukomo wa hedhi. Tunatembea, wengine wanakimbia kidogo kidogo, wachache wameanza kunyanyua vyuma. Kinachonisikitisha ni kile kinachofuata. Mtu akifika nyumbani anakunywa chai ya rangi na kitumbua kimoja, au hali kabisa mpaka saa saba mchana kwa sababu anataka tumbo lipungue. Ikifika saa nne anatetemeka, alasiri hana nguvu hata ya kufua kanga. Nimeishi hivyo karibu mwaka mzima, na nilichojifunza ni kwamba chakula cha baada ya mazoezi huandaliwa usiku wake. Ukingoja mpaka uingie mlangoni unatiririka jasho, utakula kilichopo karibu, na kilichopo karibu mara nyingi ni andazi.

Ukomo wa hedhi huhesabiwa mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuziona siku zake. Miaka inayotangulia hapo, kwa kawaida kama minne na kwa wengine hata minane, ndiyo yenye misukosuko: estrojeni, homoni ya kike, hupanda na kushuka ovyo, usingizi hukatika, joto hupanda ghafla kifuani na usoni. Estrojeni hiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda mifupa. Inapopungua, mifupa hupoteza madini kwa kasi, na misuli nayo hupungua ukiiacha bila kazi. Mazoezi huamsha misuli, lakini cha kuijenga hutoka sahanini.

Kwa hiyo swali la kwanza usiku ni protini. Lenga gramu 20 hadi 30 katika mlo huo mmoja. Yai moja lina kama gramu 6, bilauri ya maziwa au mtindi kama 8, kikombe cha choroko zilizoiva kama 14, na kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja huzidi 20. Ukifanya hesabu hiyo utaona kitumbua na chai havifiki popote. Nasi watu wa Tanga hatuna kisingizio, samaki tunao. Ukinunua changu au kibua pale soko la samaki la Deep Sea, mpike chukuchuku jioni kwa ndimu, chumvi kidogo na nyanya, ubakize vipande viwili kwenye friji kwa ajili ya asubuhi. Asiye na friji aloweke choroko usiku. Zikilowekwa huiva haraka, na tui jepesi linatosha. Mayai mawili ya kuchemsha na bilauri ya mtindi ni mlo wa dakika kumi, nao umeshafika gramu 20. Mwenye maradhi ya figo azungumze na daktari wake kwanza kabla ya kuongeza protini.

Usiiache wanga, shoga yangu. Najua wengi tumeambiana kuwa muhogo na viazi vinanenepesha, lakini misuli iliyotoka kazini inataka kurudishiwa nguvu iliyotumia. Kiazi kitamu kimoja, ndizi mbili za kuchemsha, au tonge chache za bada, yaani ugali wa muhogo, pembeni ya samaki na mboga, inatosha. Kinachotuumiza ni sahani nzima ya wanga bila kitoweo cha maana. Wala huna haja ya kukimbilia chakula kana kwamba dakika zinahesabiwa. Ukila ndani ya saa moja au mbili uko salama.

Mifupa nayo ina fungu lake. Mwanamke wa chini ya miaka 50 anashauriwa kupata miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku, na akivuka hapo 1,200. Bilauri ya maziwa ina kama 300. Mkoa wetu unafuga ng'ombe wa maziwa kwa wingi, mtindi unapatikana madukani, na anayesumbuliwa na maziwa ya kawaida tumboni mara nyingi huuvumilia mtindi vizuri zaidi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao nao wana kalsiamu nzuri. Waliokaushwa kwa chumvi waoshe vizuri, hasa kama una presha. Mchicha ni mboga njema, ila kalsiamu yake haifyonzwi kwa urahisi, usiutegemee peke yake.

Maji yanywe kabla ya kutoka na baada ya kurudi, kwa kuwa joto la pwani likikutana na lile linalopanda lenyewe, jasho ni mara mbili. Kama pilipili au kahawa ya moto hukuamshia joto hilo, usiziweke kwenye mlo huu. Anayefunga Jumatatu na Alhamisi ahamishie mazoezi ya siku hizo jioni, karibu na magharibi, ili futari ndiyo iwe chakula chake cha baada ya mazoezi: tende na maji kwanza, kisha samaki au kunde, kabla mkono haujafikia viazi karai.

Jambo la mwisho ndilo ninalolisemea kila ninapopata nafasi. Katika kipindi hiki hedhi ya wengine huja nzito, na damu nyingi ikitoka madini ya chuma huondoka nayo. Uchovu unaodhani ni wa mazoezi unaweza kuwa upungufu wa damu. Siku hizo ongeza nyama kidogo, maini, kunde au dagaa, na ule na chungwa la Muheza au ukamulie ndimu, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri saa moja au zaidi, maana hukizuia chuma hicho. Lakini pedi ikijaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au damu ikirudi baada ya ile miezi 12 kutimia, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe, hata kama shangazi na mama mdogo wanakuambia ni utu uzima tu.