"Stand up for": si kusimama, ni kutetea

Ukikutana na "stand up for" kwenye Kiingereza, usiwaze kiti. Maana yake ni kumtetea mtu, hasa anaposemwa vibaya au kuonewa. "She stood up for me": alinitetea, hata kama muda wote alikuwa ameketi. Anayetetewa hukaa baada ya "for", hachomekwi katikati.

Kineno hicho cha mwisho ndicho kinachoponza wengi. "Stand up to" ni kumkabili mtu, yaani yule mwonevu mwenyewe. Ukikiacha kabisa, ukasema "she stood me up", hapo umeshalalamika kwamba mlipanga kuonana, naye hakutokea!

Kwenye maongezi ya kawaida utasikia pia "stick up for". Maana ni ileile.