Jinsi ya kulinda siri za wagonjwa katika kliniki ndogo Nairobi

Kazi yangu ni kuziwekea kompyuta kliniki ndogo za Eastlands: Umoja, Kayole, Donholm, zile zenye chumba cha mapokezi, maabara pembeni na daktari mmoja au wawili. Mwenye kliniki akiniita kuhusu siri za wagonjwa, kwanza huuliza anunue antivairasi gani. Iliyokuja na Windows inamtosha. Katika kliniki ya kiasi hicho, habari hutoka kupitia dirisha la mapokezi, pipa la taka na simu za wafanyakazi. Simu ndiyo inayoongoza, kwa hivyo hatua ya 3 ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Jisajili

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kliniki ijisajili na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC. Utaambiwa mwenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka amesamehewa. Msamaha huo upo, ila hauwahusu wanaotibu watu. Usajili ni wa mtandaoni, ada ya kundi la chini kabisa ni Sh4,000 na cheti hudumu miezi 24. Usimlipe wakala. Fomu itakuuliza unakusanya habari gani na unampa nani. Kama hujui, fanya hatua ya 2 kwanza.

Hatua ya 2: Keti kwenye benchi

Keti pale wagonjwa wanapongojea, asubuhi ya Jumatatu kukiwa kumejaa, usikilize tu. Utasikia: "Mama Brayo, majibu yako ya kaswende yametoka, ingia kwa daktari." Benchi nzima imesikia, na nusu yao ni majirani zake. Kumwita inatosha "Mama Brayo, daktari anakuita." Mengine ayasikie ndani, mlango umefungwa.

Kisha angalia kitabu cha kaunta. Kliniki nyingi humpa mgonjwa kalamu aandike jina, nambari ya simu na kinachomsumbua, chini ya mstari wa aliyemtangulia. Anayengoja kalamu husoma ukurasa mzima. Futa safu ya ugonjwa kabisa, na mwandishi awe mhudumu wa mapokezi.

Karatasi zilizochapwa vibaya ndizo husahaulika. Nimewahi kununua njugu zilizofungwa kwenye fomu ya maabara yenye jina, umri na kipimo cha mwenyewe. Nunua mashine ya kukata karatasi inayokata pande mbili. Ile ya vipande virefu kama tambi mtu mwenye subira anaviunga tena.

Hatua ya 3: WhatsApp

Sitakuambia uipige marufuku. Ukiipiga marufuku watafungua grupu lingine ambalo wewe humo. Daktari yuko Buruburu, maabara iko Umoja, majibu yanatakiwa sasa hivi, na mtu atapiga picha tu.

Nunua simu ya kliniki. Ya bei nafuu inatosha, mradi ifunge kwa nenosiri. Iwe na laini iliyosajiliwa kwa jina la kliniki, na WhatsApp Business ndani yake. Majibu yote yapitie hapo. Laini ikiwa ya mhudumu wa mapokezi, siku akiacha kazi anaondoka na wagonjwa wote mfukoni, na huna la kumfanya kwa sababu laini ni yake.

Sasa picha. Hapa ndipo utakapopoteza jioni yako. Picha ikiingia WhatsApp kwenye simu ya Android, kwa kawaida hujihifadhi pia kwenye galari. Galari nayo, kama mwenye simu aliruhusu Google Photos ihifadhi folda hiyo, hupanda hadi kwenye akaunti yake binafsi ya Google. Hiyo akaunti huenda iko pia kwenye tableti ambayo watoto wanachezea nyumbani. Kwa hivyo picha moja ya fomu ya maabara inakaa sehemu tatu au nne, na kuifuta kwenye grupu hakuziondoi zile nyingine.

Chukua simu ya kila mfanyakazi, mwenyewe akiwepo, na ufanye hivi:

Kwenye mipangilio ya gumzo za WhatsApp, zima ile swichi inayoonyesha picha mpya kwenye galari. Swichi hiyo inahusu picha zitakazoingia kuanzia sasa pekee. Za nyuma ziko palepale, na ni lazima zifutwe kwa mkono. Ukishazifuta, fungua pipa la taka la galari ulimwage pia, maana huko hukaa siku kadhaa zikingoja kurudishwa.

Fungua Google Photos, tafuta orodha ya folda zinazohifadhiwa, uondoe ya WhatsApp. Kisha ingia kwenye akaunti yenyewe uangalie kilichokwisha kupanda. Watu wengi huzima swichi wakadhani vya zamani vimejifuta. Havijifuti.

Washa ujumbe unaojifuta kwenye grupu la kazi. Chaguo ni saa 24, siku 7 au siku 90. Mimi huweka 7. Lakini ujumbe ukijifuta, picha iliyokwisha kuingia galari haijifuti nao. Ndiyo maana tumeanza na galari. Ukianza na grupu kabla ya galari, kazi yote unairudia.

Nakala ya akiba ya WhatsApp inayokwenda Google Drive haifungwi mpaka uamue kuifunga kwa nenosiri. Ifunge kwenye simu ya kliniki, nenosiri uliandike kwenye daftari linalokaa ndani ya sefu. Ukilisahau, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia.

Kompyuta ya mapokezi nayo ikague, maana WhatsApp ya simu hufunguka humo pia. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu ya kliniki, na usichokitambua kiondoe papo hapo. Kifaa kilichounganishwa husoma ujumbe hata simu ikiwa imezimwa.

Kabla ya kumtumia mgonjwa majibu, hakikisha nambari ni yake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine, na faili la 2019 lina nambari ya 2019. Piga simu kwanza, muulize majina yake matatu na mwaka aliozaliwa. Usiyataje wewe akaitikia "ndiyo", ayataje mwenyewe. Majibu ya VVU usiyatume kabisa kwa ujumbe, aje achukue. Usiri wa kipimo hicho una sheria yake, ya 2006, na isitoshe simu nyingi za mtaani hutumiwa na watu wawili.

Mfanyakazi akiacha kazi, kumtoa kwenye grupu hakufuti alichonacho. Simu yake ikaguliwe siku ya mwisho, kabla ya kulipwa haki zake. Jambo hilo liandike kwenye mkataba siku anayoajiriwa, maana ukilizua siku ya mwisho utaonekana unamshuku wizi.

Hatua ya 4: Kompyuta

Kila mtu awe na akaunti yake. Nenosiri moja lililobandikwa kwenye skrini maana yake huwezi kujua nani alifungua faili la nani.

Diski ifungwe, yaani asiye na nenosiri asiweze kusoma kilichomo hata akiichomoa. Kwenye Windows Pro tumia BitLocker, programu ya Windows yenyewe ya kufunga diski. Windows Home haina BitLocker kamili, kwa hivyo lipia Pro, na ya halali, si ile fundi anayokuwekea bure. Mfumo utakupa ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Uchape na uuweke kwenye sefu pamoja na lile daftari. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta ileile. Nimeshaitwa mahali ambapo ufunguo ulikuwa ndani ya diski iliyofungwa.

Ukiuza kompyuta kuukuu pale Luthuli Avenue, toa diski kwanza. Vilivyofutwa kwa njia ya kawaida hurudishwa na programu za bure.

Hatua ya 5: Nakala za akiba

Diski mbili za nje, zote zimefungwa kwa nenosiri, zikipokezana kila Ijumaa, moja ikilala nje ya kliniki. Jaribu kurudisha faili moja kila mwezi.

Hatua ya 6: Anayepiga simu kuuliza

Ofisi ya mwajiri itapiga: "Huyu kijana wetu kweli alikuwa kwenu Alhamisi?" Mume ataulizia mke. Atakayepiga kwa ukali zaidi ni yule anayejiita wa bima. Mhudumu wa mapokezi awe na jibu moja lililobandikwa kwenye dawati: "Samahani, hatutoi habari za mtu yeyote kwa simu. Leta ombi la maandishi pamoja na idhini yake." Hata kusema kwamba mtu alifika ni kutoa siri.

Mgonjwa akiomba faili lake mwenyewe, huyo ana haki; kanuni za 2021 zinakupa siku 7.

Na picha za wagonjwa kwenye ukurasa wa kliniki, uliza kwanza, kwa maandishi. Mwaka 2023 ODPC iliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule hiyo haikuwa hata na habari za ugonjwa wa mtu.

Hatua ya 7: Siri ikivuja

Una saa 72 za kuiarifu ODPC, kuanzia ulipojua. Wagonjwa walio hatarini nao waarifiwe kwa maandishi. Laptopu iliyoibwa ikiwa diski yake ilifungwa ipasavyo, sheria inaweza kukuondolea mzigo wa kuwaandikia wagonjwa, na hiyo peke yake inalipa gharama ya Windows Pro. Aliyegundua aandike tarehe na saa kwenye daftari papo hapo, hata kabla ya kumpigia mwenye kliniki, kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa.