Mwanajeshi wa Marekani: hesabu siku zako za ritani ya kodi

Muda wa kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani hukoma Aprili 15, na kuwa jeshini pekee hakuisogezi tarehe hiyo. Kinachoisogeza ni mahali ulipo.

Ukiwa kambini ndani ya nchi na hujawa tayari, peleka Fomu 4868, ya kuomba muda zaidi, kabla Aprili 15 haijapita. Utapewa hadi Oktoba 15. Ukiwa kazini nje ya Marekani na Puerto Rico siku hiyo, unapata hadi Juni 15 bila kuomba. Ambatisha tu maelezo kwamba ulikuwa nje. Hapa ndipo wengi hujikwaa: kwa njia zote mbili, riba ya kodi ambayo hujalipa huanza kuhesabiwa Aprili 15. Kadiria deni lako, ulipe mapema.

Eneo la vita lina hesabu yake. Unapewa siku 180 tangu siku ya mwisho uliyokuwa humo, na juu yake siku zilizokuwa zimebaki kufikia Aprili 15 ulipoingia. Aliyeingia Machi 1 alikuwa na siku 46 mkononi, hivyo ana siku 226. Aliyeingia kabla ya Januari 1 na kukaa hadi msimu wa ritani (Januari 1 hadi Aprili 15) ukapita hupewa msimu mzima: siku 105 (106 Februari ikiwa na siku 29), jumla 285 (au 286). Anayekumbuka 180 peke yake anajidhulumu. Aliyejeruhiwa humo akalazwa mfululizo, siku 180 zinaanza akitoka hospitali. Muda huo wote hakuna riba wala faini, na kwa kawaida mume au mke naye anaupata.

Usitegemee kwamba IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanajua ulipo. Wizara ya Ulinzi huwapelekea majina, lakini jina linaweza kukosekana. Andika "COMBAT ZONE" na tarehe uliyopelekwa juu ya ritani. Barua ya madai ikija, iandike hivyo hivyo, pamoja na bahasha, uirudishe. Unaweza pia kuwaarifu kupitia combatzone@irs.gov: jina, anwani ya nyumbani Marekani, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kupelekwa. Namba ya Social Security usiiweke kamwe kwenye barua pepe hiyo.

Kama ni wewe unayewadai, usingoje. Wasilisha mapema urudishiwe pesa zako. MilTax, huduma ya kodi kwa wanajeshi inayopatikana kupitia Military OneSource, hukusaidia bure. Kodi ya jimbo lako ina kanuni zake, kwa hiyo iulizie kivyake.