Namna ya kupanga fungu la safari na mapumziko baada ya kustaafu

Katika kazi yangu ya kuwasaidia wastaafu kupanga mapato yao, swali la kwanza huwa ni biashara gani ifunguliwe, la pili ni mtoto yupi asaidiwe, na lile la kwenda kutembea huja mwishoni kabisa, likiulizwa kana kwamba mtu anaomba msamaha. Matokeo yake ni kwamba wengi huangukia moja ya pande mbili: yupo anayetumia kiinua mgongo chote ndani ya miaka miwili kwa sababu kilionekana kikubwa, na yupo anayejinyima mpaka miguu inakataa, kisha fedha ile aliyoitunza inatumiwa na watu ambao hawakuwahi kuitolea jasho. Wote wawili wamekosa kitu kimoja, nacho ni kiwango cha mwaka kilichoandikwa. Ukishakipata kwa hesabu ya kweli, unaweza kukitumia chote bila kumwomba mtu ruhusa, wala kujihoji usiku.

Mfano nitakaoutumia ni wa mtumishi wa umma wa Tanzania anayelipwa na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, anayeishi na mwenzi wake mjini Morogoro katika nyumba yao wenyewe. Aliye NSSF, mfuko wa walioajiriwa sekta binafsi, au aliyestaafia Kenya, anaweza kufuata hatua hizihizi akiweka takwimu zake mwenyewe.

Hatua ya 1: Pima kiinua mgongo kwa miezi ya pensheni

Mtu aliyezoea mshahara akiona makumi ya mamilioni kwenye akaunti hupotewa na vipimo, kwa hiyo kabla ya jambo lolote tafsiri mkupuo ule, yaani kiinua mgongo kinacholipwa mara moja, kuwa miezi ya pensheni. Kanuni ya sasa huanza na pensheni kamili ya mwaka, ambayo hupatikana kwa kuzidisha idadi ya miezi uliyochangia kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka, kisha kugawa kwa 580. Kufuatia mabadiliko yaliyotangazwa katika bajeti ya Juni 2024, watumishi ambao mifuko yao ya zamani, kabla ya kuunganishwa kuwa PSSSF, ilikuwa ikilipa mkupuo wa asilimia 50 hulipwa kwa mkupuo asilimia 40 ya pensheni hiyo ikizidishwa kwa 12.5, na asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa miezi 12 na kulipwa kila mwezi.

Chukua mwalimu aliyechangia miezi 420 na mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,400,000 kwa mwezi, yaani 16,800,000 kwa mwaka. Pensheni yake kamili ni takribani shilingi 12,165,000 kwa mwaka, mkupuo wake ni takribani 60,800,000, na pensheni ya mwezi ni takribani 608,000. Tazama uhusiano wa takwimu hizo mbili za mwisho: mkupuo ni sawa na pensheni ya miezi 100. Hali huwa hivyo kwa kila aliye katika kundi la asilimia 40, awe dereva au mkurugenzi, kwa sababu ndivyo kanuni ilivyo. Kwa kundi la asilimia 35, yaani wanaolipwa mkupuo wa asilimia 35 badala ya 40, ni takribani miezi 81. Kwa hiyo aliyestaafu akiwa na miaka 60, akiula mkupuo wake kwa kiwango kilekile cha pensheni, atakuwa ameumaliza kabla hajatimiza miaka 69, hata kama hakununua gari wala hakukopesha mtu.

Hatua ya 2: Andika matumizi ya lazima kwa miezi mitatu

Usikadirie, andika. Daftari la shule linatosha. Miezi mitatu inahitajika kwa sababu mwezi mmoja unaweza kuwa hauna msiba, hauna mchango wa harusi, na pampu ya maji haikuharibika. Kwa wenzi wa mfano wetu tuseme imepatikana hivi: chakula 280,000, umeme, maji na gesi 70,000, usafiri na simu 50,000, dawa zisizolipiwa na bima 40,000, sadaka, misiba na michango 80,000, na matengenezo ya nyumba 40,000. Jumla ni 560,000 kwa mwezi.

Pensheni inatosha, na zinabaki 48,000. Hizo usiziguse kwa starehe. Pensheni haipandi yenyewe kila mwaka kufuata bei za sokoni, na bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kwa mwaka, kitu cha 100,000 leo kitakuwa cha takribani 148,000 baada ya miaka 10. Salio hilo la kila mwezi ndilo litakaloziba pengo kwa miaka michache ya mwanzo. Ikiwa umeandika na ukakuta pensheni haitoshi kwa mambo ya lazima, simama hapa kwanza. Sehemu ya mapato ya uwekezaji itabidi iende jikoni kabla ya kwenda safarini.

Hatua ya 3: Toa kwenye mkupuo yale yasiyoepukika

Madeni hutangulia, hasa ya Saccos (vyama vya akiba na mikopo) na yale ya mitaani tunayoyaita kausha damu, kwa kuwa ni vigumu kupata uwekezaji halali na salama utakaokupa faida inayofikia riba yake. Kisha linafuata jambo moja la nyumba, si matano: paa, choo cha ndani, au tangi la maji. Kisha ada ya mtoto aliyebaki shuleni, na mwisho akiba ya dharura inayotosha miezi 10 hivi ya matumizi ya lazima.

Kwa mfano wetu: deni 6,000,000, nyumba 8,000,000, ada 5,000,000, dharura 6,000,000. Zimeondoka 25,000,000, na zimebaki 35,800,000. Hiyo ndiyo fedha ambayo mtu anaweza kukaa na kuizungumzia kwa utulivu. Biashara, kama lazima iwepo, itoke hapa na iwe ile ambayo tayari uliifanya ukiwa kazini. Kujifunza ufugaji wa kuku wa kisasa ukiwa na miaka 60 kwa fedha ya uzeeni ni starehe ghali kuliko safari ya Zanzibar.

Hatua ya 4: Pata kiwango cha mwaka

Gawanya kiasi kilichobaki katika mafungu mawili. Fungu kubwa, shilingi 30,000,000, liwekezwe mahali penye usalama na mapato yanayotabirika: hatifungani za serikali (unaikopesha serikali nayo inakulipa riba) zinazouzwa kwa mnada kupitia Benki Kuu ya Tanzania, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kampuni ya serikali, au akaunti ya muda maalumu benki. Fungu dogo, shilingi 5,800,000, ni la kutumiwa mpaka liishe katika miaka 5 ya mwanzo.

Kwa fungu kubwa, tuchukue asilimia 10 kwa mwaka kwa ajili ya hesabu tu, maana viwango hubadilika kila mnada na kila mwaka. Mapato ni 3,000,000. Nusu yake irudi kwenye mtaji ili bei zisiule, na nusu nyingine, 1,500,000, iende kwenye starehe. Fungu dogo ukiligawa kwa 5 linatoa 1,160,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 2,660,000 kwa mwaka kwa miaka 5 ya mwanzo, na baada ya hapo ni 1,500,000 pamoja na nyongeza iliyotokana na mtaji kukua.

Msomaji makini atauliza kwa nini miaka ya mwanzo ipewe zaidi. Sababu ni mwili. Katika miaka ya sitini mtu bado anapanda ngazi za boti akiwa na begi lake, anavumilia saa nne za barabara mbovu, na mwenzi wake bado yupo. Katika miaka ya sabini starehe zenyewe hupungua bei: kuletewa wajukuu, kukaa barazani, kahawa na bao. Kuigawa fedha sawasawa mpaka miaka 85 ni kujipunja katika miaka ambayo ingefaa zaidi.

Kuhusu hatifungani, kuna jambo linalowasaidia sana wasafiri. Riba yake huingia kila baada ya miezi 6, kwa hiyo ukijua miezi ya malipo unaweza kupanga safari ziangukie baada yake badala ya kuchukua fedha ya dharura kwa ahadi ya kuirudisha. Kumbuka tu kwamba hatifungani ya miaka 20 au 25 haivunjwi benki kama akaunti. Ukihitaji mtaji mapema utaiuza kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, na bei inaweza kuwa chini ya ile uliyonunulia.

Hatua ya 5: Litenge fungu, na uwaambie watu unavyotaka

Fungua akaunti ya pili kwa ajili hiyo peke yake, isiyo kwenye simu yako kama inawezekana. Fedha ikikaa pamoja na ya chakula italiwa, na ikikaa kwenye simu itaombwa.

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na hesabu haisaidii sana. Mstaafu katika ukoo wetu huonekana ni benki iliyofunguliwa karibuni. Atakuja mpwa mwenye bodaboda iliyokamatwa, atakuja shemeji mwenye kiwanja cha bei ya kutupa, na kila mmoja shida yake ni ya kweli. Dawa ninayoipendekeza si kuficha, kwa sababu siri ya fedha huvuja siku ya kwanza ya safari, picha zikishafika kwenye kundi la familia. Weka fungu la ndugu lenye kiwango chake cha mwaka, liwe ndani ya zile 80,000 za sadaka na michango au uliongeze kwa kupunguza starehe, kisha likiisha useme kwa adabu: “Mwanangu, la mwaka huu limekwisha, tuombe uzima Januari.” Jibu hilo halimvunjii mtu heshima, na lina faida ya kuwa kweli. Wazazi wanaotembea kwa fedha yao hawajamnyang’anya mtoto urithi. Wamemwachia nyumba isiyo na deni.

Mwenzi wako lazima akubaliane nawe kuhusu kiwango na kuhusu kinachoitwa starehe. Baba anaweza kuota mbuga na mama anataka kwenda kukaa wiki tatu kwa dada yake Tanga. Yote ni mapumziko, na yote yatoke kwenye akaunti ileile.

Hatua ya 6: Anza na safari fupi ya kupimia

Usianze na Dubai. Anza na safari ya siku tatu au nne inayokuonyesha mnavyotumia fedha mkiwa nje ya nyumba. Kwa wenzi wa Morogoro, Zanzibar ni kipimo kizuri: treni ya SGR, ambayo ilipoanza mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu, kisha bajaji fupi hadi bandarini, boti, na chumba cha kawaida Mji Mkongwe badala ya hoteli ya ufukweni. Andika kila kitu tena, hata maji ya kunywa na urojo wa jioni. Mkirudi, linganisheni na mlivyokadiria. Tofauti hiyo ndiyo kiasi cha kuongeza kwenye makadirio ya kila safari ijayo.

Msimu una nguvu kuliko ujuzi wa kupatana bei. Mstaafu hafungwi na likizo za shule, basi asisafiri Desemba pamoja na watu wote. Kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi za pwani hushusha bei, ingawa bahari huchafuka na anayeogopa boti afikirie mara mbili. Kwenye hifadhi za taifa, raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo mno kuliko mgeni kutoka nje ya nchi; kinachokula fedha ni gari na kulala. Ndiyo sababu kundi la wastaafu sita wakikodi gari moja kwenda Mikumi na kurudi siku hiyohiyo, kila mmoja hulipa sehemu ndogo tu ya anachodhani.

Hija na umra, au ziara ya Yerusalemu, zipangwe kivyake. Gharama ya hija inazidi fungu la miaka kadhaa la mfano wetu, na ukiiingiza humo bila mpango utaua kila kitu kingine. Ifungulie akiba yake miaka ya mwisho ya kazi, au ichukue nafasi ya fungu dogo lote ikiwa hiyo ndiyo safari unayoitaka kuliko zote. Huo ni uamuzi halali kabisa.

Kabla ya safari ndefu, hasa ya nje ya nchi, maliza uhakiki wa mstaafu. Mfuko usipothibitisha kwamba u hai, pensheni inaweza kusimamishwa ukiwa mbali. Hakikisha pia kama bima yako ya afya inatumika unakokwenda, na ubebe dawa za presha au sukari za kutosha pamoja na cheti cha daktari.

Hatua ya 7: Kagua kila Julai

Julai inafaa kwa sababu bajeti ya serikali imeshasomwa na mabadiliko yoyote ya pensheni yamejulikana. Mapato ya uwekezaji yakishuka, punguza starehe kwa kiasi hichohicho na usiguse mtaji. Akiba ya dharura ikitumika, nusu ya fungu la mwaka unaofuata irudi kuijaza. Mmoja wenu akiugua, simamisheni safari lakini msiifunge akaunti. Ulizeni pia, wote mkiwapo, mjane au mgane atalipwa nini na mfuko na kwa muda gani, kwa sababu jibu hilo linaweza kubadilisha hesabu yote ya hatua ya 4.

Fungu likibaki mwisho wa mwaka, lihamie mwaka unaofuata. Likibaki miaka miwili mfululizo, ketini mtafute sababu. Kama ni magoti, badilisheni aina ya mapumziko. Kama ni hofu, rudieni hesabu kwa sauti, mwenzi mmoja akisoma na mwingine akiandika. Na kama mmegundua kwamba mnapenda tu kukaa nyumbani, jengeni kibaraza kipana, nunueni viti vizuri, na fedha iliyobaki ilipe nauli ya wajukuu kuja.