Jinsi ya kujua Mtwara mpaka Dar kwa ndege ni kilomita ngapi na utatumia muda gani

Wengi wanachukua kilomita za barabarani, zile 560 hivi, wanagawa kwa spidi ya ndege. Hapo umeshapotea. Ndege haizunguki Mingoyo wala Nangurukuru na wala haina shida na Daraja la Mkapa, yenyewe inakata moja kwa moja.

Njia ya chapchap ni Google Maps: bonyeza uwanja wa Mtwara ushikilie mpaka ile alama nyekundu itokee, tafuta sehemu ya kupima umbali, buruta ramani mpaka uwanja wa Dar, utaona kama kilomita 400. Basi.

Bando likikata piga hesabu mwenyewe, na mi naipenda hii zaidi. Uwanja wa Mtwara uko digrii 10.34 kusini na 40.18 mashariki, wa Dar 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Ukitoa unapata tofauti ya 3.46 na 0.98, na digrii moja huku kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 111, kwa hiyo 384 kupanda kaskazini na 109 kwenda magharibi, afu ingiza ile Pythagoras ya shuleni, zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili, inakuja 399. Kwa safari ndefu kama Dubai usitumie hii, dunia ni mviringo itakudanganya.

Sasa muda. Ndege aina ya Q400, ile ya mapanga (propela), inakimbia kama kilomita 600 kwa saa, so 400 gawa kwa 600 ni dakika 40. Mbona tiketi inasema saa nzima na zaidi? Kwa sababu muda wa tiketi unaanza ndege ikitoka pale ilipopaki mpaka ikasimame kabisa Dar, humo ndani kuna kutambaa mpaka njia ya kurukia, kupanda taratibu, kushuka, na Dar saa nyingine mnazungushwa juu mkisubiri zamu ya kutua. We ongeza dakika 20 mpaka 30. Ukipewa jeti utaokoa dakika chache tu, safari fupi hivi haijakolea spidi inaanza kushuka.

Na tafadhali, 19:05 kwenye tiketi ni saa moja na dakika tano usiku, siyo saa tisa! Toa 12 ndo uondoe 6, usije ukamweka shemeji uwanjani toka mchana.

Wa kwenda Pemba, ile ya Msumbiji siyo ya Zanzibar, kwa mstari ni kama kilomita 300 toka Mtwara ila saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa ya kufika iliyoandikwa ni ya kwao.

Ndugu zangu wa Lindi mnaopandia Mtwara anzeni kuhesabu toka mlangoni kwenu, maana hizo kilomita 100 na ushee za kuja uwanjani zitakula muda mrefu kuliko wenyewe huko hewani.