Jinsi ya kuwaona ndege wanne wa Pemba: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wapo ndege wanne ambao dunia nzima wanapatikana Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka tu: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Huwapati Tanga, huwapati Mombasa, na hata Unguja, jirani yetu wa karibu, huwapati. Wageni wengi huwaendea mbio hadi msitu wa Ngezi siku ya kwanza, wakarudi na shingo zinazouma na nusu ya orodha. Mimi nawatembeza watu kwa mpango mwingine: tunaanza mashambani, kwenye mikarafuu na migomba, na msitu tunauacha wa mwisho. Usiku mmoja na asubuhi mbili kwa kawaida zinatosha, mvua ikikuhurumia.

Kwanza jambo moja litakalokusaidia huko mbele. Bahari kati ya Unguja na Bara ina kina cha makumi ya mita tu. Miaka kama 20,000 iliyopita, maji ya bahari yaliposhuka kwa mita zipatazo 120, Unguja ilikuwa kipande cha Bara na wanyama walikuwa wakipita kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo Pemba ilibaki kisiwa wakati wote huo. Ndege waliofika huku walifika kwa kuruka, wakajitenga, wakabadilika. Ndiyo maana Pemba ina aina chache za ndege kwa jumla, ila baadhi yao hawapatikani pengine. Kwa mtafutaji hiyo ni neema, kwa sababu wanaofanana nao na kukuchanganya ni wachache.

Hatua ya 1: Chagua majira

Epuka masika, Machi hadi Mei. Njia za Ngezi zinakuwa matope, na mvua ikigonga majani husikii kitu. Kuanzia Juni unaweza kuja, lakini kusi likivuma kwa nguvu usiku, bundi hutamsikia hata kama yuko juu ya kichwa chako. Mimi napendelea Septemba na Oktoba, kisha Januari na Februari. Msimu wa kuchuma karafuu ukiwa umechanganya, mashamba yanajaa watu tangu alfajiri na ndege wanahamia pembeni, ila utapata wenyeji wengi wa kuwauliza.

Hatua ya 2: Vifaa

Darubini ya macho mawili, ya namba 8x42 (inayokuza mara nane) ikiwezekana. Usidanganyike na zinazokuza mara kumi na tano au ishirini: mkono ukitikisika kidogo tu, ndege wa sentimita kumi hayupo tena. Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, au funga kitambaa chekundu chepesi kwenye ya kawaida. Daftari na kalamu ya risasi, maana wino hapa unaenea kwa unyevu. Viatu vilivyofungwa na suruali ndefu. Kwenye simu weka eBird, programu ya kuandikia ndege unaowaona, na upakue mapema faili la Tanzania ili uandike bila mtandao. Kwenye mipangilio washa majina ya kisayansi, itakuepusha na mkanganyiko wa majina.

Darubini usiinyanyue bandarini, uwanja wa ndege wala karibu na kambi. Maelezo utakayotakiwa kuyatoa hapo ni marefu kuliko safari yenyewe.

Hatua ya 3: Anza na chozi na kinengenenge, shambani

Hawa wawili hawahitaji msitu. Panda daladala ya Wete au Konde, shuka popote penye mchanganyiko wa mikarafuu, minazi na migomba karibu na nyumba, bisha hodi, toa salamu, omba ruhusa ya kukaa. Usizunguke. Kaa mahali pamoja, saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako.

Angalia ua la mgomba. Ile sehemu ya zambarau inayoning'inia chini ya mkungu, pale jani lake moja linapojikunja na kuacha wazi safu ya vijiua vya manjano, ndipo chozi anapokunywa. Anakuja ghafla, anashika ukingo wa lile jani kwa kucha, kichwa chini, mdomo uliopinda unaingia ua moja baada ya jingine kwa mpango, halafu anaondoka kabla hujarekebisha darubini. Tulia, atarudi kwenye ua lile lile. Dume ukimwona kivulini utasema ni mweusi tu. Subiri ageuke kwenye jua: kichwa na mgongo vinawaka kijani chenye mng'ao wa chuma, na kifuani pana mkanda wa zambarau. Hana mkanda mwekundu. Ukiona wekundu kifuani, huyo si chozi wa Pemba, chunguza upya. Jike ni wa kijivu-kahawia juu na manjano hafifu chini, ana mstari mweupe juu ya jicho. Jina lake la kisayansi ni Cinnyris pembae, na aliyemwandika kisayansi kwa mara ya kwanza ni Mjerumani Reichenow mwaka 1905, akiwa wa kwanza kuandikwa kati ya wanne hawa.

Kinengenenge, Zosterops vaughani, haji peke yake. Utasikia kwanza vijisauti vyembamba vinavyoitikiana, kisha kundi linaingia mtini, linapekua kila jani kutafuta wadudu, linatoka upande wa pili. Ni manjano tupu chini, kijani-manjano juu, na pete nyeupe kuzunguka jicho. Pete hiyo ndiyo kitambulisho chako. Mnana naye ni wa manjano, lakini mnana ana mdomo mnene wa kupasua mbegu na hana pete. Kuna vitabu vya zamani vilivyomhesabu kinengenenge huyu kuwa mmoja na wa Bara, kwa hiyo ukikuta orodha inayosema ndege wa Pemba pekee ni watatu, usishtuke.

Hatua ya 4: Ninga

Ninga wa Pemba, Treron pembaensis, ni njiwa wa matunda, na anayemtafuta ninga huanza kwa kutafuta mti. Uliza wenyeji: mkuyu gani umezaa sasa, mlandege upi una ndege? Watoto wanajua kuliko wazee, kwa sababu ambayo haipendezi sana: manati. Ninga ana nyama inayopendwa, na uwindaji pamoja na ukataji wa miti mikubwa ndivyo vinavyomweka katika orodha ya ndege walio hatarini. Kwa hiyo karibu na vijiji ni mwoga. Simama mbali na mti, mita 30 au zaidi, ufike kabla jua halijachomoza.

Ugumu wake ni kwamba ninga akila hatikisiki. Unautazama mti dakika kumi huoni kitu, halafu tunda linaanguka na unagundua kuna ndege sita. Tazama kwa mpangilio, tawi kwa tawi kutoka shinani kwenda nje. Unachotafuta ni kichwa, shingo na kifua vya kijivu, mabawa ya kijani iliyoiva, na miguu yenye wekundu. Huo ukijivu ndio unaomtenga na ninga wa Bara, ambaye ni kijani na manjano mwili mzima. Hua na pugi wa hapa wala hawafanani naye. Hao wanatembea chini, ninga anaishi juu.

Mti ukiwa mtupu, ondoka. Miti mingine ipo.

Hatua ya 5: Bundi, na adabu za usiku

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na wala si kwa upande wa ndege. Bundi kwetu ana habari zake. Akilia karibu na nyumba wapo wanaoanza kusoma dua, na mtu mgeni anayezunguka mashambani usiku na tochi akisema anamtafuta bundi hatakosa kuulizwa anamtakia nini. Mchana huo huo nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia (eneo) husika. Jitambulishe, mwonyeshe picha ya ndege kwenye simu, mweleze utakuwa shamba gani na hadi saa ngapi, na muombe akupe kijana wa hapo wa kufuatana naye. Kijana mlipe. Namna yenyewe ni nyepesi: "Shikamoo sheha, tumekuja na ombi dogo." Sijaona ombi hilo likikataliwa, ila nimesikia watu wasioomba wakirudishwa barabarani na nusu ya kijiji.

Shamba zuri ni lenye mikarafuu mikongwe iliyoshonana, majani mengi, mashimo kwenye vigogo. Misitu mingi ya Pemba ilikatwa karne ya 19 kupanda karafuu, na baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa shamba la karafuu la Zanzibar. Bundi huyu aliyazoea mashamba hayo, hivyo huna haja ya kulala msituni kumtafuta.

Fika magharibi, kabla giza halijaingia kabisa. Utaona popo wa Pemba wakitoka, wakubwa, mabawa yakipiga taratibu. Nao wanapatikana kisiwa hiki tu, na wanaotaka kuwaona kwa wingi mchana huenda Kidike. Zima tochi. Nyamaza kama dakika ishirini.

Sauti yake ni "hu" moja, fupi, kavu kidogo. Inakuja peke yake, au moja inafuata nyingine kwa nafasi ya nusu sekunde hivi, halafu kimya. Mara nyingi mwingine anamjibu upande wa pili, dume na jike. Ukisikia kilio kirefu cha kutisha kama cha mtoto, huyo ni komba, usimwandike bundi. Geuza kichwa polepole hadi sauti iwe sawa kwenye masikio yote mawili, mwonyeshe mwenzako kwa kidole, naye asimame hatua kumi kando aonyeshe kwake. Mistari yenu miwili inapokutana ndipo alipo. Hapo tu ndipo mwashe taa nyekundu, na mulike pembeni yake, si machoni.

Ni mdogo, urefu wa kama sentimita 20, macho ya manjano, vishungi vya masikio vifupi. Wapo wenye rangi ya kutu na wapo wa kahawia iliyopauka. Wote ni ndege mmoja, Otus pembaensis. Hana michirizi mingi, na hilo ni muhimu, kwa kuwa bundi wadogo wa Bara wamechorwa michirizi kama gome la mti. Pakenham, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Zanzibar, ndiye aliyemwandika mwaka 1937, na miaka mitatu baadaye akamwandika ninga. Kuna wakati wataalamu walimchukulia bundi huyu kuwa sawa na wa Madagaska.

Usimchezee sauti yake kwenye simu tena na tena ili aje karibu. Anakuja kweli, lakini anakuja kupigana na mwizi wa eneo lake, na wakati huo hawindi. Ukishamwona, picha mbili tatu, zima taa, ondokeni.

Hatua ya 6: Ngezi, sasa

Asubuhi ya pili panda daladala hadi Konde, kisha bodaboda hadi lango la hifadhi. Lipa kiingilio ofisini na uchukue mtembezaji wa pale. Hifadhi ina hekta zipatazo 1,440, lakini msitu mrefu hasa ni sehemu tu ya eneo hilo. Uzuri wa kuja mwishoni ni kwamba sauti za kinengenenge na chozi tayari unazijua, kwa hiyo masikio yanabaki huru kwa ninga, ambaye humu ndani ana utulivu kuliko kijijini. Simama kwenye uwazi wa barabara panapokuwa na mivule mirefu, utazame vilele kabla jua halijapanda. Matawi yakitikisika kwa fujo ni tumbili, au ukibahatika kima punju, walioletwa kutoka Unguja mwaka 1974.

Ukimkosa ninga, angalau mwombe mtembezaji akuonyeshe mpapindi, mnazi-pori wa Pemba ambao ndugu zake wako Madagaska na Komoro.

Hatua ya 7: Andika

Andika papo hapo, usingoje boti. Kwa kila ndege: saa, mahali, mti gani, alikuwa akifanya nini, na alama ipi iliyokuhakikishia ni yeye. "Ninga, mkuyu, saa 12:40 asubuhi, kichwa kijivu nimekiona" ni kumbukumbu. "Njiwa wa kijani" si kumbukumbu. Angalia pia saa: programu inahesabu kwa saa za kizungu, kwa hiyo saa 12:40 yetu ya asubuhi ingiza 6:40.

Uliyemsikia bila kumwona anahesabika, andika kuwa ulimsikia tu na uambatishe sauti uliyorekodi. Kwa bundi, taja shehia lakini usiweke alama ya mti wenyewe kwenye ramani, hasa ukiona anaingia na kutoka shimoni. Kabla hujaondoka kijijini pita kwa sheha umwambie mmempata au mmemkosa, na umwonyeshe picha. Mara nyingi ndiye atakayekwambia ni shamba la nani alikosikika wiki iliyopita.